Samaki wa Mbao, Pazia la Kitenge

Mimi nilifundishwa kuvua kwa kitu kisicholiwa. Wengine huvua kwa nyungunyungu, kwa bonge la unga, kwa panzi. Mimi nilivua kwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi, na hadi leo nikimwona mtu na kopo lake la nyungunyungu namdharau kidogo, ingawa najua kwamba mwenye akili kati yetu ni yeye.

Aliyenifundisha ni bwana wangu wa kazi, Mbelgiji mpima ardhi. Nilikuwa karani wake na mchora ramani wake. Jumapili za miezi ya joto, mvua zikiwa bado hazijaanza, alinichukua kwenye vijito vinavyozunguka Elisabethville, maana ndivyo Lubumbashi ilivyoitwa siku hizo. Huko alimtafuta samaki mmoja tu, blakibasi. Wazungu walimleta kutoka mbali wakamtia katika mabwawa yao, naye maji yalipofurika akatoroka, akaingia vijitoni na kuanza kula kila alichokikuta. Ana mdomo mkubwa, tumbo kubwa na hasira nyingi. Joto likizidi hujificha kwenye kivuli cha matete, na chochote kikianguka juu ya maji, awe chura au kifaranga cha ndege, hamwulizi ametoka wapi.

Vyambo nilichonga mwenyewe kwa kisu, kutoka mbao laini za makasha ya mvinyo. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Upande wa uso nilichimba kama kijiko, ili ukikivuta kwa mkato kigugumie maji na kutoa mlio, pup, pup, kama chura anayelalamika. Macho yalikuwa pini za ofisini, na rangi ilikuwa ile ya kijani iliyobaki walipopaka madirisha. Bwana alikuwa na vyake vya dukani kutoka Ulaya, vinang'aa sana, lakini samaki walipenda vyangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu kidogo.

Ugumu wa uvuvi ule ni mmoja. Chambo kinaelea mbele ya macho yako, unayaona maji yanapasuka, na mkono unataka kuvuta papo hapo. Ukivuta, umemnyang'anya samaki chakula mdomoni. Inakubidi ungoje mpaka mkono wenyewe usikie uzito. Ilinichukua miezi yote ya joto ya mwaka mmoja kujifunza kungoja hivyo, na bwana alinitukana kwa Kifaransa na kwa Kiflamu bila upendeleo.

Katanga ilipojitenga, sisi watu wa asili ya Kasai tukawa wageni katika mji tuliokulia. Mimi nilikulia mtaa wa Kampemba, Kiswahili changu ni cha Kampemba, na Kasai yenyewe nilikuwa nimeiona mara moja tu, nilipokwenda kuoa. Haikusaidia. Katika mwaka wa pili wa mambo hayo nyumba za majirani zilianza kuchomwa, na watu wetu wakakimbilia kambi iliyolindwa na wageni walinda amani, askari wa kofia za buluu, upande wa pili wa mji. Malori yaliwachukua kwa mamia, vitanda na kuku juu.

Sisi hatukupanda. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, ikiwa na miezi saba, siku moja baada ya safari ya lori katika barabara mbaya. Niliapa kwamba hatakanyaga lori tena mpaka mtoto awe mikononi. Bwana alikuwa amepakia gari lake akaenda Rhodesia, kwa majuma mawili tu, alisema, na kuniachia funguo pamoja na vifaa vyake vya kuvulia. Kwa hiyo tulihamia boyeri, yaani chumba cha mtumishi nyuma ya vila yake, katika mtaa uitwao Golf, nyuma ya ua wa migomba. Vila yenyewe sikuthubutu kuifungua, kwa sababu dirisha moja tu likionekana wazi majandarme, yaani askari wa Katanga, wangejua kuna watu. Tukaingia katika chumba kile watu watatu: mimi, mke wangu na mama yake.

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni. Hali mbele yake, hamgusi, halitaji jina lake, halali chini ya paa alilolalia. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenziwe apite. Si chuki, ni heshima, ingawa heshima nayo ikizidi huchosha. Yule mama alikuwa amekuja kutoka Kasai kwa ajili ya ile mimba ya kwanza, treni zikasimama, akakwama. Kampemba alilala kwa jamaa yake, mitaa mitatu kutoka kwetu, na kwa muda wote huo nilimjua kwa kanga yake ya kahawia na visigino vyake tu. Ungenipa picha kumi za wanawake wazee nisingeweza kukuonyesha mama wa mke wangu ni yupi.

Sasa tulikuwa katika chumba cha hatua tano kwa nne. Tulitundika kitenge katikati, yeye upande wa dirisha, sisi upande wa mlango. Mambo yote yalipita kwa mke wangu. Mama alisema kwa Kiluba cha Kasai, nami nikimsikia kabisa, kwamba mumeo aambiwe chumvi imekwisha. Mke wangu aligeuka na kuniambia chumvi imekwisha. Nilimjibu mke wangu kwamba nimesikia, naye akageuka tena kumwambia mama yake kwamba mumewe amesikia. Mimi na mke wangu tulipotaka yetu ya siri tuliongea Kiswahili, kwa kuwa yule mama hakuwahi kutamka hata neno moja la Kiswahili mbele ya mtu. Na kwa vile hakuruhusiwa kuniita, na mke wangu hakuthubutu kupiga kelele, tulipatana kutumia ishara za kifuniko cha sufuria. Kugonga mara moja ni hatari, usirudi. Mara mbili, chakula. Mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu, ni uchungu wa kuzaa umeanza.

Tulikaa hivyo wiki tano. Mbele kulikuwa na barabara, na kwenye daraja lake kizuizi cha majandarme. Nyuma kulikuwa na kijito, na ng'ambo yake pori lililochomwa moto, jeusi, lisiloweza kumficha hata sungura. Joto la mwezi wa kumi lilishuka kutoka kwenye bati na kukaa nasi chumbani. Nilisikia ugoro wa yule mama ukivutwa, nilisikia sala zake, nilisikia akitafuna. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mimi sikuwa na jembe wala shamba la kumpeleka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye maneno mengi na pa kuyapeleka hapakuwapo.

Nikayapeleka kwake. Tukiwa tumelala, nilimwambia mke wangu kwa Kiswahili, tena si kwa kunong'ona sana:

"Mama yako hajue kukimbia. Bila eye tungelikuwa tayari mbali. Tukimungojea, tutafia hapa wote."

Sikusema mara moja tu. Nilisema karibu kila siku, nikiongeza chumvi. Na ulikuwa uongo, maana aliyekataa lori ni mimi, lakini mtu aliyefungiwa hutafuta wa kumlaumu, na aliye karibu ndiye anayefaa. Kila niliposema hivyo mke wangu alinibana kifundo cha mkono hadi kuuma. Nilidhani anaogopa majandarme wa barabarani. Tumeambiwa tangu utoto kwamba ukuta una masikio, ila mimi nilikuwa nimelala kando ya kitenge, na kitenge sikukifikiria.

Unga ulipokaribia kwisha nikaanza kuvua. Ardhi ilikuwa imekauka kama tofali, na nyungunyungu hata wa dawa hakupatikana, kwa hiyo mbao zangu zilipata heshima yao. Alasiri nilipita kwenye migomba, nikajibanza ndani ya matete na kutupa chambo kwenye bwawa dogo ambapo kijito kilipanuka. Ule mlio, pup, pup, ulinitisha kila mara, maana daraja lilikuwa jirani, lakini blakibasi hakuja bila kuitwa. Siku ya samaki wa kwanza, mama alikula kichwa upande wake wa pazia, kisha akasema kwa Kiluba mumeo aambiwe samaki wake ana mafuta. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha shule. Niliificha furaha hiyo, na jioni ile ile nikasema tena kwamba hajui kukimbia.

Siku yenyewe ilikuwa na mawingu yasiyonyesha. Nilikuwa nimetupa chambo katikati ya bwawa, kimetulia, viduara vyake vimeisha, niliposikia gari. Gari la jeshi likateremka kwa njia ya ng'ombe upande wa pili na kuingia majini hadi nusu ya magurudumu. Jandarme mmoja akashuka, akavua viatu, akakunja suruali na kuanza kuliosha gari kwa sabuni. Kati yangu na yeye palikuwa na maji ya hatua kumi na tano. Nilichuchumaa ndani ya matete, fimbo ya kuvulia mkononi, na samaki wangu wa mbao akiniangalia kutoka katikati ya bwawa kwa macho yake ya pini.

Ndipo kifuniko kikalia nyuma yangu. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Sijui kama ninaweza kueleza. Miguu yangu ilitaka kwenda na sikuiruhusu. Nilijiambia ataondoka sasa hivi, gari lenyewe dogo, litaisha kuoshwa. Na wakati ule ule, kama aliyetumwa, samaki akapanda. Maji yalipasuka katikati ya bwawa kwa kishindo, na yule jandarme akaruka akashika bunduki. Hakupiga. Alitazama viduara, akaona uzi unang'aa juu ya maji, akaufuata kwa macho taratibu, kutoka majini hadi kwenye matete, mpaka usoni pangu.

Aliniambia nitoke, nikatoka. Alikuwa wa umri wangu, mnene, na povu hadi viwikoni. Nilimwambia mimi ni boyi wa mzungu wa ile vila, natunza vitu vyake. Aliponiuliza kabila nikataja la kwanza lililonijia, la upande wa mto Luapula. Kiswahili changu hakikunisaliti. Lakini alikuwa ameacha kunisikiliza, anaitazama ile fimbo na kigurudumu chake. Aliniambia kwamba tangu akiwa mtoto aliwaona Wazungu wakifanya mchezo ule kwenye ziwa, na hakuna aliyewahi kumpa ashike. Akavuka maji, akaweka bunduki begani, akanyoosha mkono.

"Onyesha mie."

Nilimwonyesha. Ningefanya nini? Nilimfundisha kutupa, akatupa kwenye mti. Nilimfundisha tena, akatupa majini. Kifuniko kililia: tatu, kimya, tatu. Akauliza nani anagonga sufuria. Nilimwambia ni mama mkwe wangu, ananiita. Hapo alicheka mpaka akashika tumbo, akasema hata kwao, Kasomeno, ni vilevile. Akanisimulia kwamba siku moja alikuwa juu ya paa akiezeka, mama mkwe wake akaja bila kujua akaketi chini ya ngazi kuchambua maharagwe, naye akakaa juu ya paa hadi jua kuchwa. Kasomeno iko njia ya Kasenga, kwenye Luapula. Nilikuwa nimemdanganya mtu kwa kabila la nyumbani kwake. Nikangoja aniongeleshe kwa lugha yao, lakini alirudia kuvua.

Samaki alipanda, jandarme akavuta mapema, akamkosa. Nikamwambia, ngoja usikie uzito, chefu, kama tulivyowaita wakubwa wote. Akapanda mwingine, akamkosa. Nilimwambia tena angoje, kwa sauti ya mwalimu mpole. Ningeweza kusema neno moja tu, kwamba mke wangu anazaa. Sikulisema. Niliogopa atakuja nyumbani, na nyumbani kuna mama mzee asiyejua lugha yoyote ila Kiluba cha Kasai, na akifungua mdomo tumekwisha wote. Ndivyo nilivyohesabu. Kwa hiyo nilisimama kando ya kijito nikimfundisha adui yangu subira, na mke wangu akiwa peke yake na mama yake, na mtoto wa kwanza tulishamzika. Nina umri mkubwa sasa na bado naionea haya saa ile kuliko nyingine yoyote.

Kisha kifuniko kiliacha kulia, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi.

Tulimsikia kwanza kwenye migomba. Yule mama alikuwa akiteremka kuja kijitoni kinyumenyume. Alikuwa amejifunika kanga ya kahawia kichwani, ametupa mgongo upande wetu, akipapasa njia kwa visigino, mkono mmoja nyuma kushika majani asianguke. Alikuja hivyo hatua kwa hatua, mteremko wote, na akasimama mbali nasi kidogo, mgongo wake kwetu. Jandarme alishusha fimbo. Mimi niliona mwisho wangu umefika, kwa sababu sasa atasema.

Akasema, kwa Kiswahili safi cha mjini kwetu:

"Mwana wangu mwenye bunduki, ambia ule anafundisha kuvua: mutoto anatanguliza muguu. Mie peke yangu shiwezi."

Jandarme akanigeukia. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega.

"Anasema mutoto anatanguliza muguu. Eye peke yake hawezi."

Nilimjibu kwamba nimesikia. Akaniuliza mbona nilinyamaza wakati wote ule. Hakungoja. Alitupa fimbo ya bwana majanini, akanituma nimlete mke wangu, akavuka maji kurudi garini, akavaa viatu bila soksi na kulizungusha gari kupitia darajani.

Nilimbeba mke wangu kutoka mkekani. Alikuwa ameuma kona ya kitenge, macho yamegeuka, na hakunitambua. Gari lilikuwa limekuja hadi uani. Nyuma lilijaa mapipa ya petroli na masanduku, na jandarme akasema nafasi ni ya watu wawili tu, mgonjwa na mwingine mmoja, nani? Yule mama alikuwa kando ya mlango, uso kwenye ukuta.

"Ambia mukwe wangu aende na bibi yake," alisema. "Eye njo ataweza kumubeba. Mie shijue kukimbia."

"Anasema eye hajue kukimbia," jandarme akaniambia.

Maneno yangu yalinirudia hivyo, mara mbili, kwa midomo miwili. Alikuwa ameyasikia. Si hayo tu, alikuwa amesikia yote, jioni baada ya jioni, amelala upande wake wa pazia akihesabiwa kama mzigo, na asubuhi akaamka akanipikia. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitaka kusema kitu, na desturi yenyewe, ambayo kwa wiki tano niliichukia, ikanipa ruhusa ya kunyamaza. Nikapanda na mke wangu mapajani. Gari lilipotoka nilimwona mgongo wake tu, bado ukutani.

Kwenye kizuizi jandarme alisema huyu ni mke wa ndugu yake, wakatufungulia. Kwenye lango la hospitali alinisaidia kumshusha. Mfukoni nilikuwa na chambo kimoja kizima, nikampa, akakichomeka kwenye kofia. Kisha akaniinamia.

"Siku ingine ukidanganya, chagua kabila ya mbali."

Akaenda. Sijui kama aliishi. Alfajiri iliyofuata mapigano yalianza mjini, askari wa kofia za buluu na majandarme, na siku zile zote niliposikia milio ya bunduki sikujua nimwombee nani.

Mtoto alizaliwa jua likizama, kwa mikono ya sista mmoja mzee aliyekuwa akinikaripia kana kwamba mimi ndiye niliyemgeuza tumboni. Msichana. Alichelewa kulia, kisha akalia. Mke wangu alipoteza damu nyingi, na alipofumbua macho kesho yake hakuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume.

"Mama iko wapi?"

Nilimweleza. Alifumba macho tena. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba baba wa mama yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na mama alikulia katika kambi za reli za Katanga mpaka alipoolewa Kasai. Kiswahili alikijua kabla mimi sijazaliwa. Aliapa kutokisema mbele yangu, kwa sababu lugha mbili zingefanya milango miwili kati ya mkwe na mkwe, na heshima hulindwa kwa mlango mmoja. Nilimuuliza mke wangu, kwa hasira, mbona hakuniambia. Akanijibu kwamba alikuwa akinibana mkono kila siku.

Siku nne tulilala chini ya vitanda katika ukumbi wa hospitali, na magodoro yameegemezwa madirishani. Kutoka hakukuwezekana. Nilikuwa nimefungiwa wiki tano na kulalamika kwa kila pumzi, na sasa nilifungiwa penye mke wangu na mwanangu, wazima wote wawili, na sikuwa na raha hata kidogo. Nilikuwa nikiwaza jambo moja. Siku ile asubuhi tulikuwa na samaki mmoja tu kwenye msumari, na unga wa kikombe. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalikuwa yamemmwagikia yule mama, aliyebaki na chakula hicho tu.

Siku ya tano milio ilipungua. Tuliambiwa lori la kofia za buluu litapita hospitalini saa sita mchana kuwachukua watu wetu kwenda kambini, na halitangoja. Niliondoka kulipopambazuka, nikipita nyuma ya nyumba na ndani ya mitaro. Vila ya bwana ilikuwa imevunjwa, mapazia yananing'inia nje ya madirisha, vitabu vyake vya ramani vimetapakaa uani. Mlango wa boyeri ulikuwa umefungwa. Nikasukuma, nikaingia upande wangu. Kitenge kilikuwa palepale, kimenyooshwa vizuri, na kona aliyoiuma mke wangu imefuliwa.

Nyuma yake mtu akakohoa.

Nikaketi sakafuni. Hakukuwa na mke wangu wa kupitishia maneno, wala jandarme. Nikasema na kitenge. Nilikiambia kwa Kiswahili kwamba mtoto yupo, wa kike, na mama yake yupo. Kisha akajibu, kwa Kiluba cha Kasai, kama mtu ambaye maishani mwake hajawahi kujua lugha nyingine, kwamba Mungu ashukuriwe. Na kutoka chini ya pazia akanisukumia sahani. Ilikuwa mkia wa yule samaki, mkavu, ameukausha kwa moshi, na kando yake kipande cha ugali kisichotosha kiganja. Alikuwa amenitunzia siku tano. Nilikula nikilia, na yeye, kwa heshima, alijifanya anakoroma.

Sasa palibaki lori. Kilomita nne, na jua linapanda, na visigino vile vya mzee. Nilimweleza kwamba njia ni ya kukimbia, na sote wawili tulijua nani alishasema nini kuhusu kukimbia. Ndipo nikakiambia kile kitenge kwamba desturi inakataza macho na mguso, lakini mgongo hauna macho, na nguo zetu zitakuwa katikati. Nikaligeukia pazia kwa mgongo, nikachuchumaa, na kungoja. Nilingoja kama nilivyofundishwa kungoja, bila kugeuka, mpaka niliposikia uzito. Ulikuwa mdogo sana. Nilikishusha kitenge kile, nikamfunga nacho, kama mama anavyomfunga mtoto, naye akanifunika kichwa kwa kanga yake ili hata kwa bahati mbaya nisione mkono wake.

Tulitoka hivyo, upande wa kijito, tukayavuka maji nami nikiyumba kwenye mawe. Nilikimbia penye uwazi na kutambaa penye mitaro. Nilikuwa nimedhoofika, na kila baada ya nyumba mbili nilisimama kuhema, na nilijisikia nikimwomba radhi, kwa Kiswahili, neno baada ya neno, kwa yote niliyoyasema usiku na mchana. Hakujibu. Nilifikiri amerudi katika Kiluba chake kwa maisha yake yote, na kweli ndivyo ilivyokuwa, kwa miaka ishirini aliyoishi baada ya siku ile sikumsikia tena akisema Kiswahili wala sikumwona uso. Lakini tulipofika kona ya hospitali, lori limewashwa, mke wangu amesimama juu yake na mtoto mikononi akitutafuta kwa macho, nilijikwaa nikapiga magoti, na sikuweza kuinuka haraka. Yule mama akainamisha kichwa hadi sikioni pangu.

"Hata weye haujue kukimbia," aliniambia.